Wanja: Urembo wa Macho Uliozaliwa Nyumbani

Mitindo ya macho ya zamani imerudi kwa kasi. Wapo wanaopenda jicho lililozungushiwa weusi la miaka ya 1920, wapo wa jicho la paka la miaka ya 1950, na wapo wa kope ndefu za miaka ya 1960. Yote hayo mtu anaweza kuyachora mwenyewe mbele ya kioo chake, kwa sababu urembo huu tangu mwanzo ulikuwa kazi ya nyumbani.

Misri ya kale ndiyo yenye ushahidi mwingi. Watu walisaga mawe juu ya vibao: malakiti kwa rangi ya kijani na galena, jiwe lenye madini ya risasi, kwa nyeusi. Kibao cha Mfalme Narmer, cha yapata mwaka 3100 KK, kina duara katikati mfano wa lile la kusagia rangi ya macho. Wanaume nao walipaka. Wakemia wa Ufaransa waliochunguza mabaki ya wanja katika vyombo vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre walikuta pia chumvi za risasi ambazo ni adimu ardhini. Wamisri walizitengeneza wenyewe.

Misri hiyo ilichangia kuwasha mitindo ya karne ya 20. Mwaka 1912 sanamu ya kichwa cha Malkia Nefertiti ilifukuliwa Amarna, na mwaka 1922 mwanaakiolojia Howard Carter akalifikia kaburi la Mfalme Tutankhamun. Ulaya na Marekani zikashikwa na shauku ya kila kitu cha Kimisri, wanja ukiwemo. Sinema nazo zilikuwa bado bubu, hivyo mwigizaji alilazimika kusema kwa macho. Ukimtazama Theda Bara au Clara Bow, utaona jicho limezungushiwa weusi juu na chini, na kwa Bow nyusi zimekuwa uzi mwembamba. Kuupata mtindo huo ni rahisi: wanja wa penseli pande zote mbili, kisha kuusambaza kwa ncha ya kidole mpaka usibaki mstari mkali.

Bidhaa ya kwanza ya kampuni ya vipodozi ya Maybelline nayo inasimuliwa kuwa ilianzia chumbani. Mwaka 1915, Tom Lyle Williams wa Chicago alimwona dada yake Mabel akijipaka Vaseline iliyochanganywa na vumbi la makaa kwenye kope na nyusi. Akaigeuza biashara, na mwaka 1917 akatoa maskara, yaani rangi ya kope, ya kipande kigumu, ndani ya kiboksi chenye kiburashi. Mtumiaji alilowanisha kiburashi, mara nyingi kwa mate, akakisugua kwenye kipande na kupaka kope.

Lakini urembo uliumiza pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, dawa ya kutia kope rangi iitwayo Lash Lure iliwapofusha baadhi ya wanawake wa Marekani, na mmoja akafa. Wakati huo sheria ya taifa haikugusa vipodozi kabisa. Madhara ya aina hiyo yalichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1938, iliyoviweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali.

Vita Kuu ya Pili ilipofanya vipodozi kuadimika Uingereza, wanawake walipaka kope masizi ya kizibo kilichochomwa, na wengine rangi ya viatu. Amani iliporudi, mstari ulinyanyuka: wanja wa maji juu ya jicho, ukitoka mwembamba penye pua, ukinenepa kidogo, kisha ukipanda kuelekea mwisho wa nyusi. Mwaka 1957 mtengenezaji wa vipodozi Helena Rubinstein alileta maskara ya kichupa chenye kijiti ndani, na mate hayakuhitajika tena. Mwaka 1963 mwigizaji Elizabeth Taylor alirudisha Misri kwenye skrini katika filamu ya Cleopatra. Miaka mitatu baadaye Twiggy, mwanamitindo kijana wa London, alivuma kwa rangi nyeupe juu ya jicho, mstari mweusi kwenye mkunjo, na kope za chini zilizochorwa moja moja.

Pwani yetu haikungoja sinema. Wanja wa manga, jiwe lililosagwa na kutiwa jichoni kwa kijiti, umewapamba maharusi na hata watoto wachanga kwa vizazi vingi. Ni urithi wa kujivunia, lakini vipimo vya maabara vimekuta risasi katika baadhi ya wanja wa mawe unaouzwa katika nchi mbalimbali, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo.

Kwa hiyo tuige mistari ya zamani na tuache sumu zake. Nunua wanja ulioandikwa viambato vyake, usimwazime mtu kiburashi chako, osha macho kabla ya kulala, na wanja wa unga usioujua ulikotoka usiutie machoni mwa mtoto. Walioanzisha mitindo hii walilipa gharama ya kutojua. Sisi hatuna sababu ya kuilipa tena.