Mapatano ya Pande Tatu Katika Nchi ya Mpanda

Katika kutimiza miaka kumi ya chama chetu kikuu, yafaa tukumbuke jinsi misitu ya Mpanda ilivyogeuka mashamba. Wakimbizi wa Burundi walipewa makazi Katumba mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, kwa mapatano ya pande tatu: Serikali ilitoa ardhi na kushika utawala; Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa likatafuta fedha; na T.C.R.S., iliyoanza mwaka 1964, ikasimamia ujenzi. Kila upande ulijua mzigo wake.

Lakini mkulima mwenyewe hakutia sahihi. Sheria ya mwaka 1965 ilimpa mkuu wa makazi uwezo wa kuamuru na wa kuadhibu. Basi aliyetoa amri ndiye aliyemhukumu aliyeivunja. Uraia ulikuja baadaye sana: mwaka 2014, kwa watu zaidi ya 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Sisi masharti yetu twayapitisha wenyewe mkutanoni. Ugomvi wa mizani au wa malipo ukizuka, usiamuliwe na yule anayeshitakiwa. Uletwe mbele ya wanachama. Mapatano mema humpa kila mtu kazi yake. Yaliyo bora humpa na mahali pa kusema.