Ubatizo ni Mmoja: Je, Mkristo Anayehamia Kanisa Jingine Abatizwe Tena?



Katika mitaa ya Ilomba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Jiji la Mbeya, ukoo mmoja waweza kuwa na Mkatoliki, Mmoraviani, Mlutheri na Mpentekoste. Wamisionari wa Kimoraviani na wale wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na makanisa ya Kipentekoste yakastawi baadaye. Ndugu hao hukutana msibani na arusini, na mara nyingi huulizana: je, ubatizo nilioupokea ni wa kweli?

Wapo Wakatoliki wanaoambiwa kwamba utotoni walimwagiwa maji tu, hawakubatizwa. Wapo pia waamini wetu wanaodhani kwamba Mmoraviani akitaka kuwa Mkatoliki, ni lazima abatizwe upya. Pande zote mbili zinakosea, na kosa hilo hugusa ndoa, malezi ya watoto na amani ya familia. Makala haya yanaeleza mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hilo.

Swali la kale

Katika karne ya 3, Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago, alifundisha kwamba waliobatizwa na wazushi wabatizwe tena wanaporudi katika Kanisa. Papa Stefano wa Kwanza alikataa, akishika mapokeo ya Roma ya kuwawekea mikono tu kama wanaotubu. Mwaka 314, Mtaguso wa Arles uliagiza kwamba anayetoka kwa wazushi aulizwe imani yake; ikiwa alibatizwa kwa jina la Utatu Mtakatifu, awekewe mikono tu. Baadaye Mtakatifu Agostino, akijibu Wadonati, alieleza sababu yake: anayebatiza hasa ni Kristo mwenyewe, na mhudumu ni chombo chake. Udhaifu wa mhudumu hauondoi kazi ya Kristo.

Mtaguso wa Trento ulithibitisha mafundisho hayo mwaka 1547. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Uekumene ya mwaka 1964, ukaongeza kwamba wanaomwamini Kristo na kubatizwa ipasavyo wamo katika umoja fulani na Kanisa Katoliki, ingawa umoja huo haujakamilika. Kwa hiyo tunawaita ndugu kwa haki.

Mambo matatu ya lazima

Ubatizo huwa halali yakitimia mambo matatu. Kwanza, maji ya kweli, ama kwa kumiminwa ama kwa kuzamishwa. Pili, maneno ya kumbatiza mtu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, kadiri ya agizo la Bwana katika Mathayo 28:19. Tatu, nia ya mhudumu ya kutenda lile ambalo Kanisa hutenda.

Kwa kipimo hicho, ubatizo wa Waanglikana, Walutheri na Wamoraviani hutambuliwa na Kanisa Katoliki. Vivyo hivyo ule wa Wapentekoste wanaobatiza kwa Utatu Mtakatifu. Lakini yapo makundi yanayobatiza kwa jina la Yesu pekee kwa sababu yanakana Utatu. Ubatizo wao hatuupokei. Kanisa halitambui pia ubatizo wa Mashahidi wa Yehova, wala ule wa Wamormoni, ambao Roma iliutolea jibu mwaka 2001.

Sisi nasi tunabanwa na kipimo hichohicho. Agosti 2020, Roma ilitangaza kwamba ubatizo unaotolewa kwa maneno “sisi tunakubatiza” badala ya “mimi nakubatiza” si halali. Hakuna aliye na mamlaka ya kubadili maneno ya Sakramenti.

Hoja ya wanaobatiza watu wazima tu

Ndugu zetu wengi wa Kiinjili hutaja Marko 16:16, ambapo kuamini kunatangulia kubatizwa, na Matendo 19:1-7, ambapo Paulo aliwabatiza wanafunzi waliokwisha kubatizwa. Hoja hizo zastahili jibu la heshima.

Wanafunzi wa Efeso walikuwa wamepokea ubatizo wa Yohane, ambao ulikuwa wa toba tu. Hawakuwa wamepokea ubatizo wa Kristo, hivyo Paulo hakuurudia. Kuhusu watoto, Matendo 16 husimulia nyumba nzima zilizobatizwa, na Wakolosai 2:11-12 huulinganisha ubatizo na tohara, ambayo Waisraeli waliipokea wakiwa wachanga. Mtoto hubatizwa katika imani ya Kanisa, naye hulelewa aikiri mwenyewe. Hapo ndipo wenzetu wanatukumbusha jambo la kweli: mzazi anayembatiza mtoto kisha akamwacha bila katekesi ameitendea neema kama mbegu iliyotupwa njiani.

Utaratibu parokiani

Ubatizo hutia rohoni alama isiyofutika. Kwa hiyo Kanuni ya 845 inakataza kuurudia. Mkristo aliyebatizwa kihalali anayetaka ushirika kamili na Kanisa Katoliki huandaliwa kwa mafundisho, huungama, hukiri imani, hupokea Kipaimara na kushiriki Ekaristi. Asihesabiwe kuwa sawa na mkatekumeni ambaye hajabatizwa kabisa. Alete cheti cha ubatizo, au ushuhuda wa watu waliokuwapo.

Pakiwa na shaka nzito baada ya uchunguzi, Kanuni ya 869 inaruhusu ubatizo wa sharti, yaani padre husema kwanza “kama hujabatizwa”. Ni lazima mhusika aelezwe sababu za shaka hiyo.

Mkatoliki aliyebatizwa tena kwingine naye akirudi, habatizwi mara ya tatu. Ubatizo wa pili haukumwongezea wala kumpunguzia kitu. Amwendee paroko bila hofu. Ataongozwa kwenye Sakramenti ya Upatanisho na taratibu nyingine zinazohusika.

Kwa nini jambo hili ni zito katika ndoa

Kwa Kanuni ya 1055, ndoa halali kati ya wabatizwa wawili ni Sakramenti. Mkatoliki anayefunga ndoa na Mmoraviani au Mlutheri anahitaji kibali cha mamlaka ya Kanisa (Kanuni ya 1124). Akifunga ndoa na asiyebatizwa, kuna kizuizi kinachobatilisha ndoa, kinachohitaji kuondolewa kwanza (Kanuni ya 1086). Ndiyo maana paroko huuliza mchumba alibatizwa wapi, na kwa maneno gani. Swali hilo si dharau kwa kanisa la mwenzetu. Ni ulinzi wa ndoa ya wote wawili.

Mtume Paulo anatufundisha katika Waefeso 4:5 kwamba ubatizo ni mmoja. Basi, mwamini anapokaa mezani na shangazi Mmoraviani au kaka Mpentekoste, asiudharau ubatizo wao, wala asikubali wake udharauliwe. Mahali na tarehe ya ubatizo wako vimeandikwa katika daftari la parokia. Ukiwa hujui siku hiyo, iulize, uiadhimishe kila mwaka, na uwafundishe wanao kufanya hivyo.