Jina Kwenye Kalamu ya Mtumba

Katika minada ya mtandaoni inayouza kalamu kuukuu za wino, kuna maneno mawili ambayo wauzaji huyaandika kama sifa: "Haina jina." Kalamu iliyochongwa jina la mmiliki wake wa kwanza mara nyingi hupata bei ndogo kuliko pacha wake asiye na jina. Wapo hata wanaolisugua jina hilo hadi lifutike, kisha wanaiuza kalamu kama safi. Tuitazame kalamu moja, Parker 51, tuone kinachofutwa hapo.

Kampuni ya Parker ilianzishwa mwaka 1888 mjini Janesville, jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 1939 ilitimiza miaka 51, na kalamu mpya iliyokuwa ikitayarishwa ikapewa namba hiyo iwe jina lake. Wamarekani walianza kuinunua mwaka 1941. Wino uliotengenezwa kwa ajili yake ulikauka haraka karatasini, lakini ulikuwa mkali, ukiharibu selulodi ya kalamu nyingi za zama zile. Basi mwili wake ukatengenezwa kwa akriliki, aina ya plastiki iliyotumika pia kwenye vioo vya ndege za kivita. Nibu ya dhahabu ikafichwa ndani ya ganda, ikabaki ncha tu inayochungulia, ili wino usikaukie humo.

Tarehe 7 Mei 1945, Ujerumani iliposalimu amri mjini Reims, Ufaransa, Jenerali Eisenhower alipigwa picha akiwa ameinua kalamu mbili mfano wa herufi V, alama ya ushindi. Zilikuwa Parker 51. Ni picha inayomfaa sana muuzaji, maana inaifanya kila kalamu ya aina hiyo ionekane kama ilikuwepo pale mezani. Lakini hiyo ni historia ya kalamu mbili. Nyingine, zilizotengenezwa kwa mamilioni hadi mwaka 1972, ziliishi mifukoni mwa makarani, walimu na madaktari, zikaandika risiti, barua za posa na vyeti vya vifo.

Mnunuzi makini huanza kwa kuiuliza kalamu yenyewe. Je, inajazwa kwa kubonyeza kitufe cha nyuma, au kwa kuminya kifuko kilicho ndani ya mrija wa chuma? Ile ya kitufe ni ya mtindo wa awali, na utando wake wa mpira huoza kwa miaka. Bila fundi, haijazi tena. Ile ya kuminya ilianza mwaka 1948, na kifuko chake mara nyingi bado ni kizima. Kalamu nyingi za awali zina tarakimu ndogo mwilini, ya mwisho ya mwaka zilipotengenezwa. Alama hizi humsuta muuzaji anayedai kalamu ya kuminya ilipigana vita vilivyokwisha mwaka 1945.

Hata hivyo, alama za kiwanda hutuambia kalamu ilizaliwa lini tu. Habari za ilivyoishi zimo kwenye lile jina linalochukiwa. Mtu alihitimu, alipanda cheo au alistaafu, na wenzake wakaona zawadi inayomfaa ni kalamu. Walilipa fundi achonge jina lake kwa sababu waliamini atakuwa nayo maisha yake yote.

Imani hiyo ilianza kuyumba mapema. Oktoba 1945 kalamu ya kijipira iliuzwa dukani New York, watu wakaigombania. Mwaka 1950 ikaja Bic Cristal ya Kifaransa, na polepole kalamu ikawa kitu cha kuazimana na kusahau. Hakuna anayechonga jina kwenye biki.

Kwa hiyo kalamu yenye jina ni hati ya zama ambazo chombo cha kuandikia kilikuwa na mwenyewe. Anayelisugua jina huondoa sehemu pekee ya kalamu ambayo haikutoka kiwandani. Ukiikuta mnadani, kagua nibu, uliza inavyojazwa, kisha soma jina. Bei itakuwa nafuu, na utakuwa umenunua kitu ambacho pacha wake asiye na jina hana.