Kifaru Begani

Picha iko kwetu Katito, sebuleni, juu ya televisheni. Kijana amesimama wima, kofia yake pana imekunjwa ukingo upande mmoja, na begani ameshonewa nembo ya kichwa cha kifaru. Nyuma hakuna jina wala tarehe. Lakini muulize yeyote nyumbani, atakwambia huyo ni baba yake babu, yule aliyeenda Keya wakati wa vita vya Wajerumani. Keya ni KAR, King's African Rifles, kwa matamshi ya Kijaluo.

Hadithi ya mzee ni ya kweli. Sare ndiyo inakataa. Katika vita vya kwanza, 1914 hadi 1918, wanaume wengi wa Nyanza hawakupewa bunduki. Walichukuliwa na Carrier Corps kubeba chakula na risasi hadi ndani kabisa ya Tanganyika, na maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Jina hilo ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar. Mzee alikuwa mpagazi. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu za shaba za askari na mpagazi, zilizosimamishwa miaka ya 1920. Hakuna jina la mtu hata mmoja.

Kifaru ni cha vita vya pili. Ilikuwa nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943. Mwaka uliofuata ilikuwa Burma, ikisukuma jeshi la Japani katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope, hadi mto Chindwin. Wakati huo mzee alikuwa amepita miaka arobaini, ana wake na ng'ombe. Huyu wa pichani hata ndevu hana.

Basi nikampelekea dani. Ameolewa humu tangu zamani na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaishika karibu na macho. "Huyu ni shemeji yangu," akasema. "Hakurudi." Ndugu mdogo wa babu, aliyekwenda kabla ya kuoa. Hakuacha mtoto, kwa hivyo hakuna nyumba iliyobaki ya kumtaja.

Sasa namtafuta kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyo wazi mtandaoni. Mwaka 2021 tume hiyo iliomba msamaha kwa kuwa Waafrika wengi waliokufa vitani hawakuandikwa kwa majina, hasa wa vita vya kwanza. Walioandikwa nao si rahisi kuwapata. Majina yetu hufuata saa na msimu: Otieno wa usiku, Okoth wa mvua. Ukitafuta jina moja tu, wanakuja wengi. Kinachowatenganisha ni namba ya jeshi, kikosi, na kwa baadhi yao jina la baba. Namba hatuna. Baba tunaye: ni yule mpagazi tuliyemvisha sare ya mwanawe miaka yote hii.

Shangazi hajafurahi. Anasema nimemnyang'anya babu yake sura, na ni kweli, mzee hana picha nyingine. Lakini juzi ameniruhusu niitoe kwenye fremu, nikaandika nyuma kwa penseli majina yote mawili, la mwana na la baba.