Vile Viduara Vyeupe Kwenye Picha, Ni Roho za Wafu?

Haya wasomaji, leo naweka kando misimbo na hifadhidata kidogo. Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni ya tarakilishi, swali la kwanza huwa ni "hebu niangalizie simu yangu imekuwa nzito". La pili ni hili la viduara vya mwanga. Unapiga picha usiku, kwenye mkesha au harusini au ndani ya nyumba kuukuu, halafu ukiitazama unakuta duara jeupe, kama mwezi mdogo, linaelea juu ya bega la mtu. Macho hayakuliona ila kamera imeliona. Wachunguzi wa mizimu wa Marekani na Uingereza waliliita obu, na kwa miaka kama kumi hivi walilitangaza kote duniani kuwa ushahidi kwamba wafu wako nasi.

Jibu fupi ni vumbi. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyefiwa, na pia haligusi jambo linalonishughulisha mimi kama mtu wa mitambo: kwa nini viduara hivi vilianza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1990? Watu walikuwa wakifa kabla ya hapo, na vumbi lilikuwapo tangu Adamu. Ili tuelewe lazima turudi nyuma sana, hadi mji wa Boston huko Marekani, wakati picha zilipokuwa zikipigwa kwenye bamba la kioo.

Mapema katika miaka ya 1860 kulikuwa na fundi wa kuchonga nakshi kwenye vito aliyeitwa William Mumler. Alikuwa akijifunza kupiga picha, akajipiga mwenyewe, na bamba liliposafishwa kwa dawa akaona umbo hafifu la msichana karibu naye. Maelezo ya kawaida ni kwamba kioo kilikuwa kimetumika awali na hakikuoshwa vizuri. Siku hizo mabamba yalitumika tena na tena, na picha ya zamani iliweza kubaki kama kivuli. Lakini habari zikawafikia watu walioamini kwamba wafu huzungumza na walio hai, na Mumler akajikuta ana biashara.

Kumbuka ni wakati gani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipiganwa kuanzia 1861 hadi 1865, na karibu kila familia ilikuwa na pengo mezani. Mama aliyempoteza mwanawe asijue hata kaburi lake liko wapi, ukimpa karatasi yenye kivuli cha kijana nyuma ya kiti chake, hatauliza maswali mengi. Huko Boston watu waligundua kwamba "roho" mojawapo ilikuwa mtu aliye hai, aliyekuwa amekwenda kupigwa picha katika studio hiyo hiyo. Mumler akahamia New York, na mwaka 1869 akafikishwa mahakamani kwa ulaghai. P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho aliyeujua ulaghai vizuri kuliko wengi, alitoa ushahidi dhidi yake, na mpiga picha Abraham Bogardus akatengeneza picha ya Barnum akiwa na mzimu wa Rais Lincoln ili kuonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo rahisi. Hata hivyo Mumler aliachiliwa, maana hakuna aliyeweza kuthibitisha ni mbinu gani hasa aliyoitumia. Miaka michache baadaye mjane wa Lincoln mwenyewe, Mary Todd Lincoln, alikaa mbele ya kamera yake, akaondoka na picha ya mumewe akiwa amemwekea mikono mabegani.

Kesi inayonisumbua zaidi lakini ni ile ya Paris. Mwaka 1875 Édouard Buguet alishtakiwa kwa kuuza picha za roho. Yeye hakukana. Alikiri kila kitu, na polisi wakaonyesha mahakamani mwanasesere na vichwa vya kukatwa alivyokuwa akivifunika kitambaa kuwa mizimu. Wateja wake waliitwa kama mashahidi. Wakaonyeshwa vifaa, wakaambiwa mtu mwenyewe amekiri, na bado wengine wakashikilia kwamba sura waliyoiona ni ya mpendwa wao. Nimewahi kueleza hitilafu ya programu kwa mteja asiyetaka kuambiwa, lakini hii ni daraja nyingine kabisa.

Uingereza nayo ilimpata William Hope wa mji wa Crewe, ambaye wateja walimiminika kwake hasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1922 mchunguzi Harry Price alimpelekea mabamba ya kioo yaliyokuwa yametiwa alama ya siri kwa eksirei. Picha zilizorudi, pamoja na roho zake, zilikuwa kwenye mabamba yasiyo na alama, kwa hiyo yalikuwa yamebadilishwa. Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes, alimtetea Hope kwa nguvu zote. Doyle alikuwa amempoteza mwanawe Kingsley mwaka 1918.

Sasa angalia kitu kimoja. Mizimu ya Mumler, Buguet na Hope kwa kawaida ina nyuso, na mingi imevaa shuka, kwa sababu bamba la kioo linaweza kupigwa picha mara mbili na picha ya pili huonekana kama kivuli cha mtu. Filamu za bei nafuu zilipoenea, mizimu ikabadilika ikawa michirizi ya mwanga uliopenya kwenye kisanduku cha kamera, na ule "moshi wa ajabu" ambao mara nyingi ulikuwa kamba ya mkononi ya kamera iliyoning'inia mbele ya lenzi ikaunguzwa na flashi. Kila mtambo ulizaa mizimu inayofanana na kasoro yake. Na hapo ndipo tunafika kwenye kamera ya dijitali.

Twende kwenye hesabu kidogo, msikimbie. Chukua kamera ndogo ya dijitali ya mwaka 2001 au hivi. Sensa yake ina upana wa milimita 5 na kidogo, wakati fremu ya filamu ya kawaida ina milimita 36. Kwa kuwa sensa ni ndogo, lenzi nayo ni fupi: tuseme milimita 6, kwa f/2.8. Gawanya, utapata tundu la lenzi lenye kipenyo cha kama milimita 2. Kamera ndogo ya filamu yenye lenzi ya milimita 35 kwa f/4 ina tundu la karibu milimita 9. Sasa weka chembe ya vumbi sentimita 10 mbele ya kamera, huku kamera imelenga watu walio mita 3. Chembe haiwezi kulengwa, kwa hiyo inageuka duara lenye umbo la tundu la lenzi. Tundu likiwa pana, duara linakuwa kubwa na mwanga wake unatawanyika hadi usionekane. Tundu likiwa dogo, duara linabaki dogo na kali. Nilipopiga hesabu kwa vipimo hivyo, mng'ao wa kiduara ukilinganishwa na picha iliyobaki ulikuwa zaidi ya mara 10 kwenye kamera ya dijitali, na upana wake karibu pikseli 50 kwenye picha ya megapikseli 3. Hicho ndicho kiduara chenyewe.

Ongeza flashi. Kwenye kamera hizi ilikaa sentimita chache tu kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo mwanga uligonga vumbi na kurudi moja kwa moja. Chembe iliyo sentimita 10 iko karibu mara 30 kuliko mtu aliye mita 3, na mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, maana yake chembe hiyo inamulikwa mara 900 zaidi. Wapiga mbizi wanaopiga picha chini ya maji, Watamu au kwingineko, wanalijua tatizo hili kwa uchungu: flashi ikikaa karibu na lenzi, maji yote yanajaa nukta nyeupe, ndiyo sababu wao hufunga flashi kwenye mikono mirefu pembeni. Fujifilm nao walieleza kwenye tovuti yao kwamba ni vumbi la hewani linaloakisi flashi. Ukikuta kiduara chenye pembe pembe badala ya kuwa mviringo, umeona umbo la vile vibati vinavyofunga tundu la lenzi. Mzimu umeacha muhuri wa kiwanda.

Video ilikuwa na njia yake. Mwaka 1998 Sony walileta kamera za video zenye NightShot, zinazoona gizani kwa taa ya infraredi iliyo pembeni mwa lenzi. Chombo kile kile, kasoro ile ile, ila sasa kiduara kinatembea! Vumbi likibebwa na upepo wa mlango, au mbu akipita, unapata mpira wa nuru unaokata kona. Vipindi vya runinga kama Most Haunted cha Uingereza, kilichoanza mwaka 2002, na Ghost Hunters cha Marekani mwaka 2004, vikaingiza wachunguzi wengi usiku katika nyumba kuukuu zisizofagiliwa. Watu wengi wanatembea, vumbi linapanda, picha zinapigwa kwa mamia kwa sababu hazina gharama ya filamu. Ingekuwa ajabu kama viduara visingetokea. Mwaka 2007 kilitoka kitabu kiitwacho The Orb Project, na mmoja wa waandishi wake wawili, Klaus Heinemann, alikuwa mwanafizikia. Kwa hiyo tusiseme ni watu wasiosoma walioamini.

Mwaka 2006, baada ya mazishi ya babu, shangazi yangu alinionyesha picha ya usiku wa matanga. Juu ya jeneza, kiduara kimoja kikubwa. Mtu mmoja aliyejiita msomaji wa picha alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mzee hajatulia na anadai mbuzi, pamoja na pesa kidogo za safari ya yeye msomaji. Shangazi hakuwa mjinga, alikuwa ameogopa tu, na alikuwa na huzuni. Nilifungua faili kwenye tarakilishi, nikamwonyesha data za EXIF zinazosema flashi iliwaka. Hazikumsisimua hata kidogo. Ndipo nikazima taa chumbani, nikachukua blanketi, nikalikung'uta mara mbili na kupiga picha. Viduara kama ishirini vikajaa kwenye kioo cha kamera. Akavitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, sasa hawa wote ni babu zako?" Tukacheka mpaka akafuta machozi. Mbuzi alibaki zizini. Picha aliitundika ukutani na kiduara chake, na mimi sikuona haja ya kumwambia aitoe, kwa sababu ilikuwa picha ya mwisho ya nyumba ile ikiwa na watu wote ndani.

Jaribio lililonifurahisha zaidi katika historia hii yote lilikuja baadaye. Mwaka 2009 Fujifilm walitoa kamera ya FinePix Real 3D W1, yenye lenzi mbili zilizoachana milimita 77, zinazopiga kwa wakati mmoja. Mchunguzi wa Uingereza, Steve Parsons, aliitumia kupiga mamia ya picha. Wazo lake ni zuri kwa urahisi wake. Kitu kilicho mita 3 kitaonekana kwenye picha zote mbili karibu mahali pale pale. Kitu kilicho sentimita 10 kitaonekana kwa lenzi moja na kuikosa nyingine, au kitaruka mbali sana. Matokeo yalielekeza kwenye vumbi lililo puani mwa kamera. Na Parsons hakuwa adui wa wachunguzi wa mizimu, alikuwa mmoja wao. Kamera iliyoundwa kwa ajili ya picha za kufurahisha ndiyo iliyomsaidia kulifunga suala lililozaliwa na kamera nyingine.

Simu za siku hizi zimepunguza viduara, kwa kuwa taa zao za LED ni dhaifu na picha za usiku hupigwa bila flashi kwa kuunganisha fremu nyingi. Lakini usidhani mizimu imestaafu. Kamera za ulinzi zina taa za infraredi kuzunguka lenzi, na kila mdudu anayepita ni mpira wa nuru. Mwaka 2007 wingu la buluu kwenye kamera ya kituo cha petroli huko Parma, Ohio, lilitangazwa kwenye runinga kama mzimu, na maelezo yanayokubalika ni mdudu aliyetembea kwenye lenzi. Simu nazo zina mzimu wao, ile nukta ya kijani karibu na taa kali. Chora mstari kutoka kwenye taa kupitia katikati ya picha, na mara nyingi utaikuta nukta upande wa pili, umbali ule ule. Ni taa yenyewe, imeakisiwa ndani ya vioo vya lenzi.

Kama una picha inayokusumbua, nitumie niiangalie, sitozi kitu wala sihitaji mbuzi. Ila tafadhali usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inapunguza ukubwa na kufuta data za EXIF, na hapo hata mimi sitajua flashi iliwaka au la. Tuma faili asili, kama lilivyotoka kwenye kamera.