Kikonyo cha Jani na Chumba cha Futi 80: Hoja kutoka Kabambare na Kasongo Dhidi ya Kukuza Vitu Vidogo

Katika madarasa ya usanifu majengo kuna zoezi la mwaka wa kwanza linalopendwa mno. Mwanafunzi huchagua kitu kidogo, tuseme kombe la konokono, kifuu au kibiriti, akakichora na kukipasua, kisha akakikuza hatua kwa hatua hadi mtu aweze kuingia na kukaa ndani yake. Kwa tabia, zoezi hili ni mjukuu wa kozi ya awali aliyoianzisha Johannes Itten huko Bauhaus mwaka 1919, na huungwa mkono na dai la Ernesto Rogers kwamba kazi ya msanifu huanzia kwenye kijiko na kuishia kwenye mji. Sina ugomvi na kijiko. Ugomvi wangu ni na neno “kukuza”. Nadai kwamba kitu kidogo huzaa nyumba kwa kuungwa na vingine, wala si kwa kuongezewa ukubwa, na ushahidi wangu mkuu unatoka kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, kwenye mkato mdogo uliochanjwa katika kikonyo cha jani.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa haihitaji safari. Kibiriti cha kawaida kina urefu wa sentimita 5 hivi na kimo cha sentimita 1.5. Ukikikuza mara 50, urefu utafika mita 2.5 na kimo sentimita 75. Hapo umepata jeneza. Tena eneo la kuta zake limeongezeka mara 2,500, huku uzito ukiongezeka mara 125,000. Galileo alilionyesha jambo hili mwaka 1638 kwa mifupa ya wanyama, na tangu hapo hakuna mhandisi aliyelibisha. Wanaolisahau ni walimu wa usanifu, pengine kwa sababu karatasi ngumu husimama bila kulalamika.

Katika nadharia ya asili ya nyumba, mabishano ya zamani yamekwisha poa. Laugier, mwaka 1753, alianza na nguzo nne na matawi. Semper, mwaka 1851, alianza na mkeka na ufumaji, akidai kwamba ukuta ulikuwa kitambaa kabla haujawa jiwe. Kwa hoja yangu Semper ana manufaa zaidi, kwani fundo la mfumaji ni dogo na hubaki dogo hata kitambaa kikifunika ukumbi mzima. Lakini yeye alitazama ukuta. Katika nchi ya mvua kama Maniema, anayeanza na ukuta ameanza mwisho.

Ninapotofautiana na wengi ni kwenye simulizi iliyozoeleka ya nyumba za Maniema: kwamba nyumba ya pembe nne ililetwa na waungwana kutoka pwani, pamoja na Kiswahili, mpunga na michungwa, na kwamba kabla yao hapakuwa na usanifu wa kujadiliwa. Simulizi hii haisimami mbele ya shajara ya David Livingstone. Alifika Bambarre, yaani Kabambare, Septemba 1869. Alirudi tena Julai 1870 akiwa na vidonda miguuni, akakwama huko hadi Februari 1871, muda mrefu akiwa ndani ya kibanda. Mtu aliyelala chini ya paa kwa majuma mengi hulitazama. Katika maandishi yake, yaliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, anaeleza nyumba za Wamanyema kuwa za pembe nne, zenye kuta za udongo ulioshindiliwa vizuri, zikiwa zimepangwa katika vijiji vingi kando ya mtaa mmoja mrefu ulionyooka kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua liukaushe unyevu wa mvua. Mtaa uliopangwa kwa kufuata jua ni mpango wa mji, na haukungoja msafara wa mtu yeyote.

Lakini kilichonivutia zaidi ni maelezo yake ya paa. Anasema liliezekwa kwa jani linalofanana na la mgomba ila gumu zaidi. (Alilidhani la jamii ya euforbia, lakini ninaelekea kuamini alikosea, na kwamba ni moja ya yale majani mapana ya msituni ambayo hadi leo watu hufungia chakula.) Kikonyo cha jani kilichanjwa mkato wa inchi mbili au tatu kwa urefu wake, na kwa mkato huo jani likaning’inizwa kwenye fito, ambazo mara nyingi zilikuwa vikonyo vya michikichi vilivyopasuliwa vyembamba. Katika maelezo yake hakuna kamba wala fundo. Maji yaliteremka upesi, na ukuta wa udongo ukasalimika.

Fuata mnyororo huo polepole. Mkato ukiwa mfupi kiasi hicho, fito haiwezi kuwa nene; ndiyo maana huwa kikonyo kilichopasuliwa, si mti mzima. Fito nyembamba hupinda, kwa hiyo mapao yanayoibeba hayawezi kuachana sana. Safu moja ya majani lazima ilale juu ya nyingine, kwa hiyo nafasi kati ya fito na fito hutawaliwa na urefu wa jani. Jani lililoning’inizwa tu, bila kufungwa, hutaka mteremko wa kutosha ili maji yasipate muda wa kurudi nyuma. Na udongo usiochomwa hutaka paa lishuke chini, lipite ukuta. Na kweli, Livingstone anasema kwamba mapaa yalikuwa ya chini, na kwamba mbele ya mlango mara nyingi palikuwa na kibaraza ambapo jamaa walikusanyika kuota moto alfajiri. Basi kutoka kwenye mkato wa sentimita tano au saba tumefika mahali watu wanapokaa, bila kitu chochote kukuzwa. Jani limebaki jani.

Kasongo inatupa kipimo cha pili. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia mjini humo na jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, tarehe 22 Aprili 1893, alieleza katika kitabu chake cha 1897 chumba alichojitwalia: futi 80 kwa urefu, futi 15 kwa upana, chenye mlango uliotokea kwenye bustani ya michungwa. Ni mita 24.4 kwa 4.6. Kwa nini urefu uzidi upana zaidi ya mara tano? Kwa sababu urefu ni kurudia kiungo kilekile, na upana huamuliwa na mti. Huko Lamu upana wa vyumba vya mawe hauzidi sana mita 3, kwa kuwa boriti za mikoko ndizo zinazobeba dari nzito ya chokaa na matumbawe. Jambo hilo Usam Ghaidan alilieleza tangu 1975. Huko Kasongo msitu ulitoa miti mirefu zaidi, na paa pengine lilikuwa jepesi, kwa hiyo upana ukaongezeka, lakini kanuni haikubadilika. Walichokileta waungwana, kwa maoni yangu, si pembe nne. Walileta tabia ya kuingia ndani zaidi: chumba nyuma ya chumba, kisha bustani.

Nitaambiwa kwamba shahidi wangu wa jani ni mmoja, mgonjwa na mgeni. Ni kweli, lakini mgeni asiyejua kuezeka hana sababu ya kubuni mkato wa inchi mbili. Nitaambiwa pia kwamba akiolojia ingekuwa ushahidi bora. Noemie Arazi na wenzake, walioandika mwaka 2020 katika jarida la Antiquity kuhusu historia, akiolojia na kumbukumbu za Waswahili-Waarabu wa Maniema, wamefungua njia, na mashimo ya nguzo yanaweza siku moja kutupa upana wa nyumba. Kikonyo hakitapatikana. Kitu kilichoamua umbo la nyumba ndicho kinachooza kwanza, na hili linapaswa kumpunguzia kiburi kila anayesoma nyumba kwa kuta zake.

Pingamizi zito zaidi ni bati. Siku hizi mwenye uwezo huezeka kwa bati, na bati huja na kipimo chake kutoka kiwandani. Je, hoja ya kiungo imekufa? Sivyo, kiungo kimehamia kwenye msumari wa bati na kofia yake. Tofauti ni kwamba bati hununuliwa, kwa hiyo mwenye nyumba hubana ukingo wa paa, na mvua hupiga miguu ya ukuta wa tofali bichi. Jani lilikuwa la bure, likashuka lilivyotakiwa.

Kwa hiyo, kama ningepewa darasa Kasongo, nisingegawa makombe wala vibiriti. Kila mwanafunzi angepata jani moja lenye kikonyo chake, na kisu. Kabla ya kuchora chochote angechanja, angening’iniza, angemwagia maji. Kisha ningemuuliza paa lake litashuka hadi wapi, na bibi yake atainama kiasi gani kuingia mlangoni.