Pengo, si tofauti

Saratani ya kichwa na shingo ni jina pana linaloficha mipaka yake. Ubongo umo kichwani, lakini saratani yake haihesabiwi humu. Zinazohesabiwa ni za kinywa, ulimi, koromeo, zoloto, pua na tezi za mate: viungo ambavyo mtu hulia, humezea na husemea.

Nchini Marekani, Weusi wenye ugonjwa huu wamekuwa wakifa mapema kuliko Wazungu kwa miongo mingi. Kwa Kiswahili habari hii huandikwa "tofauti za kunusurika kwa misingi ya rangi". Neno la kwanza hapo ndilo linalonikera. Tofauti ni ya kimo au ya ladha ya chai. Huitaja na kuendelea na safari. Pengo ni pale jino lilipong'oka: ukiliona huna budi kuuliza kulitokea nini. Mimi naandika pengo.

Na jibu la swali hilo halikai kwenye ngozi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walichapisha uchunguzi wa uvimbe wa koromeo. Miongoni mwa wagonjwa Wazungu waliopimwa, asilimia 34 walikuwa na kirusi cha HPV ndani ya uvimbe. Miongoni mwa Weusi, asilimia 4. Saratani inayoletwa na kirusi hicho husikia dawa na mionzi kuliko ile ya tumbaku na pombe. Wasio na kirusi, Weusi kwa Wazungu, waliishi muda unaokaribiana. Kumbe kwenye koromeo neno "rangi" lilikuwa limebebeshwa mzigo wa kirusi. Kwingineko limebebeshwa mizigo mingine: kukosa bima, kufika hospitali uvimbe umeshaingia kwenye tezi za shingo, kutopelekwa kwa daktari wa upasuaji kwa wakati. Mwandishi anayeishia kwenye "rangi" amemwacha msomaji aamini kwamba mwili mweusi umeumbwa kushindwa.

"Kunusurika" nalo nalitumia kwa uangalifu. Takwimu husema tu kwamba mtu yu hai miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa. Aliyeondolewa zoloto, anayepumua kupitia tundu la shingoni na asiyeweza tena kumwita mwanawe kwa sauti yake, amehesabiwa. Kusema "amepona" ni kumdhulumu. "Yungali hai" ni kweli, na inatosha.

Upande wa jinsi, wanaume wa Marekani huugua zaidi ya mara 2 ya wanawake, na saratani ya koromeo yenye HPV huwaandama wao hasa. Hata hivyo chanjo ya kirusi hicho iliidhinishwa huko kwa wasichana mwaka 2006, kwa wavulana 2009, na kinga dhidi ya saratani za kichwa na shingo ikaongezwa kwenye kibali chake mwaka 2020 tu. Kwetu, Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 na Kenya 2019, kwa wasichana, na hadi leo watu huiita chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Jina hilo liliwasaidia akina mama kuielewa, nalo lina heshima yake. Ila baba akilisikia hujua halimhusu mwanawe wa kiume. Kwenye kadi na mabango iandikwe chanjo ya HPV, na chini yake vitajwe viungo vyote inavyovikinga, koo likiwamo.